Kidole Tu, Mama

Rumonge, masika ya 1972

Dada yangu Tatu,

Naomba radhi kwa kimya changu. Ramadhani imepita, Idi zote mbili zimepita, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Barua zako tatu zilinifikia. Nimeziweka sandukuni chini ya nguo za marehemu mke wangu Mwanahawa, na kila nilipozitoa ili nizijibu, nilizirudisha zilivyokuwa. Wewe hukunikosea. Mimi ndiye niliyekosa uso wa kukutazama, na unajua kwamba kwangu mimi kukuandikia ni sawasawa na kuketi mbele yako. Ulinilea baada ya mama kutuacha, na hukuwahi kuniruhusu nilizungukezunguke jambo baya. Ulikuwa ukisema, "Hemedi, litaje kwanza, kisha ulie." Basi leo nitalitaja.

Hujambo lakini? Goti lako limepata nafuu, au bado unaswali umeketi? Shemeji naye, jicho lake lilipasuliwa kama daktari alivyoahidi? Paa la jikoni lililong'olewa na upepo limerudishwa? Nijibu hayo yote, hata kama baada ya kusoma barua hii hutapenda kunijibu mengine.

Mimi mwili wangu ni mzima. Ninakula muhogo na ndagala, maana ndivyo dagaa wanavyoitwa huku, na bado ninafundisha asubuhi na alasiri. Masika yameanza kwa ukali. Barabara ya Minago imekatika mahali pawili. Watu nao mwaka huu wamekuwa na sauti ndogo: hukutana njiani, husalimiana, hutazama nyuma, kisha huagana kabla ya kusemezana. Mambo ya serikali siyaandiki katika barua. Ninasema tu kwamba huu si mwaka mzuri kwa mtu kutajwa vibaya. Ukumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Jambo lenyewe linamhusu Kasimu, mpima damu wa zahanati. Unamjua kwa jina. Barua zangu za miaka kumi umezipata kwa mkono wake, kwa kuwa yeye ndiye anayezipeleka kwa baiskeli hadi ziwani na kuzikabidhi chomboni kinachokwenda Kigoma. Ndiye yule niliyekueleza kwamba Mwanahawa alipokuwa katika homa yake ya mwisho, yeye alilala barazani kwetu siku tatu ili ampe dawa kwa saa zake, na marehemu alipofariki yeye ndiye aliyechimba kaburi pamoja nasi huku mvua ikimpiga mgongoni.

Ni mtu mrefu, mwembamba, mzaliwa wa hapa hapa, ingawa baba yake alitoka ng'ambo ya Kongo. Huvaa koti jeusi la mvua aliloachiwa na daktari Mbelgiji, refu hadi miguuni, nalo hupepea nyuma yake anapoendesha baiskeli. Kazi yake ni kupita vijijini, Minago, Kigwena, mara nyingine hata Kabonga kule mpakani, na sanduku la vipande vya kioo, akiwachoma watu kidole na kuchukua tone moja ili litazamwe kama lina malale au homa ya mbu. Anapomfikia mwanamke huinama sana, huushika mkono wake kwa mikono yake miwili, huuteremsha uso wake karibu na vidole, kisha husema kwa upole, "Kidole tu, mama. Haiumi. Kidole tu."

Nilifika huku mwaka ule wa Uhuru wa huku, kama unavyokumbuka. Wiki niliyofika, watu walipiga ngoma mbele ya zahanati wakiimba kwamba Wabelgiji wamekwenda na sindano zao, na sasa damu ya kila mtu itakaa mwilini mwake. Zile habari za mumiani tulizokua nazo Tabora, kwamba kuna watu waliotumwa na Wazungu kunyonya damu za watu, huku zilikuwa na nguvu mara mbili. Waliokuwa wakimsaidia daktari walitupa makoti yao meupe. Kasimu peke yake alilichukua lile sanduku la vioo na kuanza kupita nyumba kwa nyumba. Ilimchukua miaka mitatu kuwafanya wanawake wa Minago wampe kidole bila kukimbilia michikichini.

Ili nimsaidie, nilimruhusu aje shuleni kwangu, nikaahidi kutangulia mbele ya wanafunzi. Udhaifu wangu unaujua. Hata kuku alipochinjwa uani ulikuwa ukiniingiza ndani. Nilinyoosha kidole, nikaliona tone, nikaanguka. Kasimu alinibeba mabegani hadi kivulini. Hakuwa na nia mbaya, lakini ni mcheshi, na kisa kile kilikuwa kitamu mno kwake. Alikisimulia kwenye kila harusi. "Mwalimu yetu iko na sauti ya simba," alikuwa akisema, "lakini tone moja tu, puu! Kama gunia ya mihogo." Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Nilicheka hivyo miaka mingi, Dada, na sikujua kwamba kila kicheko nilikuwa nikikihifadhi mahali.

Mwaka jana Mzee Sudi, mwenye banda kubwa la kukamulia mawese, alileta mashine ya senema kutoka Kigoma. Kila Jumamosi mchana wakamuaji wanapomaliza kazi, milango huzibwa kwa magunia ili pawe giza, shuka jeupe hutundikwa ukutani, na mtaa mzima huingia. Desturi ya huku ni kwamba filamu haitazamwi kimya. Mtu mmoja husimama kando ya shuka na fimbo mkononi, akiwasemea wale wanaoonekana, kila mmoja kwa sauti yake. Filamu za kwanza zilisema Kifaransa, na fundi cherehani mmoja alizisemea. Kisha Sudi akanunua moja kwa kuvutiwa na picha iliyo juu ya kasha lake, ya mzungu mwenye joho jeusi na meno marefu, akautangazia mtaa wote kwamba analeta filamu ya mumiani. Alipoiweka mashineni, ilisema Kiingereza.

Alikuja kwangu jasho likimtiririka. "Mwalimu, filamu yangu iko nasema Kingereza! Hapa Rumonge nani iko najua Kingereza? Ni weye tu."

"Mimi si msemaji wa senema, Mzee Sudi."

"Basi batu batanicheka mimi mupaka nife. Nisaidie. Kwa ajili ya Mungu."

Nilikwenda kuitazama kwanza peke yangu na Sudi. Unaikumbuka ile picha tuliyoonyeshwa wakati wa vita, kwenye ukuta uliopakwa chokaa karibu na kambi ya askari, wewe ukajifunika kanga uso mzima ukiniuliza kama ameshaondoka? Yule bwana wa ngome aliyetoka jenezani, na popo, na radi? Basi filamu hii ya Sudi ni mpya, ya rangi, tena iliyotengenezwa na watu walioipenda ile ya zamani kuliko tulivyoiogopa sisi. Wanaitania kwa heshima. Mnyonya damu wao ni mzee aliyepitwa na wakati. Meno yake ni ya bandia, naye huyavua usiku na kuyatia katika bilauri. Kila anapotajwa radi hupiga, hata kama jua linawaka, naye huomba msamaha kwa ajili ya radi. Popo wake ananing'inia kwenye uzi unaoonekana waziwazi. Anapoukumbuka ujana wake, rangi hutoka na picha huwa nyeusi na nyeupe, imekwaruzika kama zile za kambini. Vijana wanyonya damu wenye nywele ndefu na magitaa humcheka. Naye ana adabu ya kizamani: hamng'ati mtu ambaye hawajajulishwa rasmi. Huinama, huubusu mkono wa bibi, huuliza, "Samahani, tumekwisha kujulishana?" Bibi hujibu hapana, naye huenda zake na njaa. Mpaka mwisho hamng'ati mtu hata mmoja. Ule wekundu ulio mdomoni mwake ni supu ya nyanya.

Nilicheka mle bandani peke yangu, Dada, hadi machozi yakanitoka. Sudi alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Hakuwahi kuiona ile ya kwanza. Hapakuwa na mtu Rumonge aliyewahi kuiona, na mzaha juu ya kitu usichokijua si mzaha.

Jumamosi ile banda lilijaa hadi kwenye mashinikizo. Kasimu aliketi benchi la mbele na mkewe Hadija, na kwa sababu ya mvua alikuwa amevaa lile koti. Nilianza kama ninavyofanya kila kazi: neno kwa neno, kwa sarufi yake. Baada ya muda mfupi nikasikia watu wakipiga miayo.

Mama Feruzi, muuza mawese, ambaye sauti yake husikika hadi gatini, alisema, "Mwalimu, tuko darasani hapa?"

"Huyu anasema," nikaendelea, "'Naomba uniwie radhi kwa radi hii.'"

"Mumiani anaomba radhi?" akauliza Mama Feruzi. "Mumiani gani huyo, wa shule?"

Watu wakacheka, wakinicheka mimi. Hapo hapo kwenye shuka yule mzee mwenye joho jeusi akainama mbele ya bibi, akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akauteremsha uso wake karibu na vidole.

"Iko nafanya nini pale mukononi?" sauti ikauliza kutoka nyuma. Huku hawajui kwamba mtu anaweza kuubusu mkono wa mwanamke kwa heshima. "Mwalimu! Iko nasema nini?"

Nilimwona Kasimu katika mwanga wa shuka. Alikuwa akitabasamu, na nilijua, au nilidhani najua, kwamba alikuwa akitunga kisa kingine cha kusimulia harusini, cha Mwalimu aliyeshindwa hata na senema. Nikailainisha sauti yangu ikawa kama yake. Nikasema, "Anasema: Kidole tu, mama. Haiumi. Kidole tu."

Banda lilipasuka. Watu walipiga miguu chini, wakamshika Kasimu mabega, wakaangua vicheko hadi Sudi akasimamisha mashine. Kasimu mwenyewe alisimama, akalitandaza koti lake kama joho, akawainamia. Alidhani ni utani wa rafiki kwa rafiki. Hadija hakucheka. Alinitazama mimi.

Kuanzia hapo niliiacha filamu ya Waingereza nikatunga yangu. Nilimfanya yule mzee ataje Minago na Kigwena. Nilimpa baiskeli ambayo haikuwepo. Supu ya nyanya niliifanya damu, na nikaeleza inakopelekwa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike huku, watu waliniita Mwalimu wetu. Walinisindikiza hadi nyumbani. Nami nilirudia maneno yale Jumamosi saba. Sitaki udhani kwamba ulimi uliteleza mara moja.

Mwanzoni watoto walimfuata wakiimba "Kidole tu!" naye akawatisha kwa meno yake nao wakakimbia wakicheka. Kisha watoto wakaacha kucheka na wakaendelea kukimbia. Kisha mama zao. Huko Minago mwanamke aliyempa kidole miaka saba mfululizo aliuficha mkono wake nyuma akamwambia, "Tumekuona, Kasimu. Tumekuona kwa senema." Mtu akalipaka koti lake mawese kuanzia kwenye ukosi hadi chini. Hadija alipokwenda kuteka maji, wenzake waliondoa ndoo zao ili zisigusane na yake. Mwezi uliofuata walilivunja sanduku. Vioo vyote vya Kigwena vilisagwa njiani, na baadhi vilikuwa na damu ya watu waliokuwa wagonjwa kweli, wakisubiri kujulishwa.

Siku ile Kasimu alikuja kwangu. Hakuketi.

"Amahoro, Mwalimu," akanisalimu kwa lugha ya huku. "Sikuje kugombana."

"Karibu, Kasimu."

"Nataka kitu kimoja. Yule muzee wa filamu, kweli kabisa, iko nasema nini pale mukononi?"

Nilimwambia. Nilimweleza habari yote, adabu yake, njaa yake, supu ya nyanya. Alisikiliza akitikisa kichwa, na tulipofika kwenye meno yaliyo ndani ya bilauri, alicheka, Dada. Alicheka kwa dhati.

"Basi ni muntu muzuri," akasema. "Waambie hivyo. Simama pale pale, useme vile iko. Batakusikia. Weye ndiye Mwalimu."

Nilianza kuyapanga madaftari yaliyokuwa mezani. Nilikuwa nikiwaza aibu ya kusimama mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu na kukiri kwamba nilitunga. Alielewa. Alipofika mlangoni alisema, bila kugeuka, "Bibi yangu ananiambia kila siku: ulimuchimbia muke wake kaburi. Namwambia anyamaze."

Jumamosi iliyofuata nilisimama kando ya shuka nikaitupa fimbo. Nilisema kwa sauti ya darasani kwamba wiki zote zilizopita niliwadanganya, kwamba maneno yale hayakuwamo, na kwamba leo wataisikia filamu kama ilivyo. Kasimu alikuwa amesimama nyuma kabisa, bila koti, amelowa mvua. Mzee wa kwenye shuka alipoinama nikasema, "Anauliza, 'Samahani, tumekwisha kujulishana?'"

Mama Feruzi akasema polepole, "Siku ya kwanza ulisema ingine."

"Siku ya kwanza nilidanganya, mama."

"Na ile nyekundu mudomoni?"

"Ni supu ya nyanya."

"Nyanya!" Akasimama. "Mimi nauza mawese miaka makumi mawili. Miye najua kintu chekundu. Jamani, mumesikia? Nyanya! Leo nani amekutuma, Mwalimu?"

"Sijatumwa na mtu. Mzee huyu hamng'ati yeyote. Itazameni filamu hadi mwisho, mtaona."

"Haonekani kwa sababu anafanya kwa siri!" mtu akapaza sauti, na wote wakaona kwamba hilo ni jibu. Walinizomea hadi nikajiondoa kando ya shuka. Wengine wakageuka wamtazame Kasimu, wakampisha njia pana kuliko anayohitaji mtu mmoja. Dada, nimefundisha miaka thelathini na mitano. Nilipodanganya waliniamini papo hapo. Niliposema kweli waliniuliza nani amenituma.

Sasa nifike kwenye juma hili. Binti wa Mama Feruzi ameolewa Minago, naye alikuwa na mtoto mchanga, Asha. Mtoto akashikwa na homa. Siku ya pili ya homa Kasimu alipita na vioo vichache vilivyosalia. Yule mama mdogo alipoisikia kengele ya baiskeli alimlaza mtoto chini, akamfunika kwa tenga la kubebea chikichi, akatandaza nguo juu yake. Kasimu akabisha hodi. "Hakuna mugonjwa hapa, mama?" Akajibiwa hakuna. Akaondoka. Mtoto akazikwa kesho yake. Hayo nimeyasikia kutoka kwa mama mwenyewe, aliyeyasimulia mbele ya watu akilia, ili kuonyesha jinsi alivyojitahidi kumlinda mwanawe. Wala hapakuwa na mtu aliyesema lile lililokuwa wazi. Mama Feruzi alisema tu, "Alipita pale, mutoto akafa." Nami niliyekuwepo sikusema.

Jana baada ya alasiri walikuja darasani kwangu, Sudi akiwa mbele. Aliniomba karatasi kubwa na wino. Nilidhani wanataka kuorodhesha majina ya watakaosoma hitima ya mtoto, nikampa. Wino uliokuwa mezani ni ule mwekundu ninaosahihishia madaftari. Wakapanga mstari. Sudi akaushika mkono wa kila mmoja, akalichovya dole gumba winoni, akalikandamiza kwenye karatasi. Alianzia chini, akiiacha nusu ya juu tupu. Zamu ya Mama Feruzi ilipofika alisitasita kwa sababu ya rangi ile, na Sudi akainama, akaulegeza uso wake, akasema kwa upole, "Kidole tu, mama. Haiumi."

Walicheka, Dada. Hata Mama Feruzi, mwenye msiba wa siku nne, alicheka.

Walipokwisha, Sudi aliniletea karatasi. "Sisi tumemaliza ya kwetu. Weye ndiye iko na mwandiko. Andika hapo juu kwamba mutaa haumutaki Kasimu. Usiandike mumiani, batatucheka huko ofisi ya serikali. Andika tu: muntu mubaya, anakutana na batu tusiobajua. Mwaka huu inatosha."

Nilisema, "Kasimu hajafanya lolote, Mzee Sudi."

Alinitazama kama baba anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Mwalimu, tunajua. Lakini banauliza kila mutaa, nani mubaya kwenu? Tukinyamaza, batatuangalia sote. Na weye umekuja juzi tu kutoka Tanzania." Akanipigapiga bega. "Ijumaa nitaichukua."

Leo ni Jumatano. Karatasi iko mbele yangu, kando ya hii ninayokuandikia. Alama za vidole zimejaa nusu ya chini, nyekundu, nyingine zimechirizika. Kwenye kona ya kulia wameacha nafasi ya kidole changu.

Nimelifikiri jambo hili kwa kila upande. Nikiandika walichosema, neno kwa neno, nitakuwa nimeifanya kazi yangu kwa usahihi, na Kasimu ataitwa na watu ambao hawamrudishi mtu. Sudi anasoma herufi za Kiarabu tu, na wengine hawasomi kabisa. Ninaweza kuandika juu ya vidole vile kwamba mtaa mzima unamshukuru mpima damu Kasimu na kuomba aongezewe vioo. Nitakuwa nimewasemesha tena watu maneno ambayo hayamo vinywani mwao, kama nilivyomsemesha yule mzee wa filamu. Ofisini wakimwita Sudi wakamsomea barua yake, atakayetafutwa ni mimi. Ninaweza pia kuichoma. Basi watachovya vidole upya, na fundi cherehani ana mwandiko wake, mbaya lakini unasomeka.

Ungekuwa hapa ungesema kwamba hakuna la kufikiri. Ninakusikia ukisema hivyo. Lakini wewe hujaishi mwaka huu Rumonge, na mimi si yule kijana uliyemjua. Jana usiku nilihesabu ni nani angekuja kunichimbia kaburi mimi, nikafika kwenye jina moja tu.

Jingine la kukuambia ni hili. Tangu alfajiri ninaitazama karatasi hii. Kwa mvua hizi wino bado una unyevu mahali pengine, na kidole changu kilipogusa alama moja kilitoka na wekundu, kama kilichochomwa na Kasimu. Nilingoja kichwa kizunguke. Nilingoja masikio yazibe na magoti yalegee kama zamani. Hapakuwa na kitu. Nilikifuta kidole kwenye kitambaa, nikaendelea kukuandikia. Udhaifu wangu wa maisha yote umeniacha, na umeniacha sasa.

Nisalimie shemeji, umwambie kwamba maneno yake kuhusu maisha ya ugenini nimeyaelewa. Msalimie binti yako mkubwa, aliyekuwa akinisomea madaftari, na mumewe fundi saa. Msalimie Maalim wetu wa chuoni kama angali hai, na yule jirani mjane anayekuletea kuni. Mwanao wa mwisho usimwonyeshe barua hii. Mwambie tu kwamba mjomba wake anamsalimu, na kwamba ajifunze kusema kweli mapema, wakati kosa lake bado ni dogo.

Ninaifunga barua upesi kuliko nilivyotaka, kwa sababu Kasimu amefika. Nimesikia kengele. Chombo cha Kigoma kinaondoka adhuhuri, naye amekumbuka kwamba sijakuandikia siku nyingi, akapita bila kuitwa, kuniuliza kama nina barua ya Bibi Tatu. Yuko barazani, amelivaa lile koti lenye mawese, anasubiri niiweke gundi. Karatasi ile nyingine nimeigeuza kifudifudi. Amenisalimia kupitia dirishani, naye anakusalimu sana.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Mdogo wako,
Hemedi